Kesho Hakuna Kuchuma

Tulimzika Mwenyekiti siku ya Ijumaa, na Jumanne iliyofuata mke wa mwanangu akajifungua mtoto wa kiume. Tangu hapo sijatulia. Nakaa, nasimama, naenda kuangalia ng'ombe ambao wamekwisha kukamuliwa, narudi jikoni, nasahau nilichofuata. Mume wangu ananiuliza kama ni presha. Namjibu kwamba ni presha, maana siku hizi neno hilo linafunika kila kitu. Lakini si presha. Ni kwamba kwetu Wakipsigis mtoto akizaliwa, wanawake huketi naye chumbani wakamwitia majina ya waliokufa katika ukoo wa baba yake, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake, na mwenye jina amerudi nyumbani. Wengine hawaitwi. Mtu aliyeishi vibaya, wanawake humruka tu, bila kutangaza, na akisharukwa mara mbili tatu amekwisha kabisa, hata wajukuu hawatajua kwamba alikuwepo. Sasa Mwenyekiti alikuwa ndugu wa baba mkwe wangu. Udongo wa kaburi lake ulikuwa bado mwekundu, watu walikuwa bado wanamsifu dukani, na mimi nilijua kabla sijaambiwa kwamba jina lake litaitwa.

Jina hilo silitaji hapa. Atakayesoma mpaka mwisho ataona kwamba si woga, maana woga nimekaa nao miaka mingi na naujua vizuri.

Kwenye mazishi yenyewe nilikaa hema la tatu, pamoja na wakwe. Helikopta mbili zilitua katika uwanja wa shule na kurusha kofia za watoto. Wakubwa walisema, mmoja baada ya mwingine, kwamba marehemu alikuwa mtu wa amani, kwamba wakati ule mbaya alisimama katikati na kuwatuliza vijana. Mmoja akatoa ile methali ya fahali wawili wakipigana, nyasi ndizo huumia, na watu wakatikisa vichwa. Mimi methali hiyo imenichosha. Inawapenda mno mafahali. Inasema nyasi ziliumia, haisemi nani aliwafungulia mafahali zizi. Nilipogeuka ili nisione picha yake kubwa pale mbele, nilimwona Wesley akiwa langoni na koti la kung'aa, anaelekeza magari ya wageni. Wesley alifungwa kwa kuchoma nyumba katika vita vile. Alitoka jela nywele zikiwa nyeupe upande mmoja. Sasa alikuwa anawaonyesha mahali pa kuegesha wageni wa yule yule aliyemtuma kuchoma, na alikuwa akifanya kazi hiyo kwa bidii. Nikaiweka sahani ya wali chini ya kiti.

Mwaka ule wa vita nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilikuwa karani wa kituo cha chai kule chini ya Mogogosiek, ambako barabara inashuka kwenda kijitoni. Kituo chenyewe kilikuwa banda la mbao lenye paa la mabati, mizani ya kuning'iniza, na ndoano ambazo tulitundikia magunia ya majani mabichi yasilundikane yakaungua. Wakulima walileta majani, mimi nikapima na kuandika, lori la kiwanda likaja saa nane. Pembeni, kwenye ukuta unaotazama barabara, kulikuwa na ubao mweusi. Ubao huo ndio uliokuwa sauti ya kiwanda. Chai haichumwi kila siku. Ina zamu zake, na siku zikizidi majani yanakomaa na kuwa magumu, kiwanda kinayakataa. Kwa hiyo kila jioni watu walikuja kuangalia ubao kabla ya kuamua kesho yao: nani atachuma, nani atapeleka mtoto kliniki, nani atalala. Ubao ukisema mchume, watu walichuma hata kwenye mvua ya mawe. Hakuna aliyewahi kuuliza ubao umetumwa na nani. Tuliuamini kama tunavyoamini jua kuchomoza, na mwandiko wake ulikuwa wangu. Mwenyekiti wa kamati ya kituo ndiye aliyenipa kazi hiyo, nikitoka tu kidato cha nne, na kwetu walimshukuru kwa kumpelekea kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando.

Nilipangisha chumba katika nyumba za laini karibu na kituo, vyumba sita vilivyoshikana, mlango kwa mlango. Wengi waliokaa pale walikuwa watu wa ziwani waliokuja zamani kutafuta kazi ya chai. Jirani yangu wa karibu kabisa alikuwa Mama Awuor, mchumaji. Mumewe alilisha kuni tanuri la kiwanda zamu ya usiku, na mchana alikuwa amelala, kwa hiyo Mama Awuor alitufundisha sote kutembea taratibu na kuweka sufuria chini bila kishindo. Ukuta kati yetu ulikuwa wa mbao zisizofika juu. Nilisikia akisali, nikasikia akigombana na binti yake Awuor kuhusu viatu, na kila jioni nilisikia mafuta yakilia kabla harufu ya omena haijanifikia. Mwezi wa kwanza nilifunga dirisha. Sikuwahi kula samaki mwenye macho. Mwezi wa pili nilikuwa nakaa kwake nikishika sahani yangu mwenyewe, na yeye akinicheka kwamba Mkipsigis ameasi maziwa. Aliniita nyathina, mtoto wangu. Mimi nilimletea mursik, akaonja kwa ncha ya ulimi, akasema hayo ni maziwa yaliyosahauliwa, kisha akayamaliza. Mikono yake ilikuwa na madoa meusi ya utomvu wa chai ambayo hayatoki kwa sabuni yoyote. Alichuma kwa mikono miwili bila kuangalia chini, majani mawili na kichipukizi, huku akisimulia habari za watu wa kanisani kwake.

Hakujua kusoma. Kila jioni akirudi shambani alisimama nje ya banda akaniuliza, "Ubao unasemaje, nyathina?" Nikamsomea. Ilikuwa ni salamu yetu.

Vita havikutoka mawinguni, ingawa ndivyo inavyosimuliwa. Uchaguzi ulikuwa unakaribia, na hotelini kwa chai ya saa nne mazungumzo yalibadilika. Hoteli ile ilikuwa na chumba cha nyuma kilichotengwa kwa pazia la maua, ambako wanakamati waliketi. Mimi nilikula mandazi upande wa mbele, meza ya pembeni, na pazia halizuii maneno. Nilimsikia Mwenyekiti akiwaeleza wazee kwamba wageni wakipiga kura hapa, kiti kitatuponyoka, na kiti kikituponyoka mashamba yatafuata. Aliongea kwa upole kama mtu anayepanga harambee. Kisha nikasikia sauti ya mzee mmoja, ambaye sasa pia ni marehemu, akisema kwamba zamani hakuna aliyepeleka vijana vitani bila baraka, na aliyefanya hivyo, wakifa, aliitwa mbele ya wazee akajibu kwa kila mmoja wao.

"Sasa hawa wakiua, ama wakiuawa," mzee akauliza, "ni nani atajibu?"

Mwenyekiti alikoroga chai yake. Nilisikia kijiko. "Mzee wangu," akasema, "vijana wakikasirika, nani anaweza kuwazuia?"

Hakukuwa na kijana aliyekuwa amekasirika. Nataka hilo lieleweke. Siku ile vijana walikuwa wanacheza mpira pale shuleni, Wesley akiwa golikipa mbaya kuliko wote, na wawili wa timu yake walikuwa watu wa ziwani. Hasira ilikuwa bado haijagawiwa, lakini jibu la hasira lilikuwa limeshaandaliwa. Mimi nilimaliza mandazi yangu. Nilijiambia kwamba wazee wanaongea siasa, na siasa haikunihusu.

Wiki mbili baadaye, Jumatano saa tisa, lori lilikuwa limekwisha kuondoka na nilikuwa nafagia majani yaliyodondoka. Mwenyekiti alikuja amevaa gambuti, viatu vyake vya mvua, peke yake. Alinisalimia vizuri, akaniulizia nyumbani, kisha akanitolea chaki mpya mfukoni, kipande kizima ambacho hakijavunjika. Aliniambia nifute ubao. Kesho hakuna kuchuma, akasema, lori limeharibika. Wachumaji wote wapumzike nyumbani. Niliona ajabu kidogo, maana lori nilikuwa nimeliona likipanda mlima muda mfupi uliopita, halina neno, na ubao haukuwahi kusema watu wakae wapi. Lakini ningemwuliza mimi ni nani? Nikaanza kuandika. Alirudi nyuma mpaka ukingo wa barabara, akakaza macho.

"Andika kubwa, msichana wangu," akasema. "Mtu asome hata akiwa barabarani."

Nikafuta, nikaandika kubwa. KESHO HAKUNA KUCHUMA. LORI LIMEHARIBIKA. WACHUMAJI WOTE WABAKI NYUMBANI. Niliupenda mwandiko wangu siku ile. Nakumbuka hivyo, na ningetoa kitu kikubwa ili nisikumbuke.

Mama Awuor alifika saa kumi na moja akiwa na kikapu tupu mgongoni. Akauliza ubao unasemaje. Nikamsomea. Akafurahi, akasema basi kesho atafua mablanketi, na Baba Awuor kwa mara moja atapata uji wa moto akirudi. Siku ya kawaida, saa nne asubuhi Mama Awuor na wenzake wako ng'ambo ya kijito, katikati ya chai, mbali na laini. Lakini kesho yake wote walikuwa nyumbani, milango wazi, mablanketi yakianikwa uani.

Mimi niliondoka asubuhi kwenda kituoni kusafisha mizani. Ndipo niliposikia kelele, kisha nikaona moshi, mweusi, wa nyumba, si wa majani. Sitasimulia yote. Nilijifungia bandani nikakaa sakafuni kati ya magunia. Nilijua sauti za baadhi ya waliopita barabarani. Na saa nane kamili, huku moshi ukiendelea, nilisikia honi. Lori lilikuwa limekuja. Nilitoka. Dereva, Nyakundi, mtu wa Kisii mwenye masihara mengi, alikuwa amesimama mbele ya ubao anausoma, mkono bado kwenye mlango wa lori.

"Nani amesema hii gari imeharibika?" akaniuliza.

Aliangalia moshi, akaniangalia mimi, akaangalia tena ubao. Akapanda, akageuza lori mahali ambapo lori haligeuki, akaenda. Hapo ndipo nilipoelewa, si pole pole bali kwa mara moja, chaki ile ilikuwa ya nini. Nikachukua tambara nikaufuta ubao mpaka mbao ikalia.

Baba Awuor aliuawa akitoka kitandani. Mama Awuor alikatwa panga kwenye mkono wa kulia akijaribu kumfunika. Watu wa misheni walimpeleka hospitali ya Kaplong, na baadaye akasafirishwa pamoja na wengine kurudi ziwani, sikumwona. Kwa wiki nyingi ungeweza kujua aliyekimbia kwa kuangalia mashamba tu. Chai isiyochumwa haikai mezani, yaani kwenye usawa wa kuchumia. Inapanda, inatafuta kuwa mti. Katikati ya mashamba yaliyonyooka kulikuwa na viraka vinavyorefuka, na kila nilipopita nilihesabu majina badala ya miche. Chumba cha Mama Awuor kilibaki ukuta mmoja, ule tulioshirikiana. Upande wake kulikuwa bado na msumari alikotundika kikaango.

Karibu na mwisho wa mwaka, kiti kikiwa kimeshapatikana na Mwenyekiti ameshaitwa Mheshimiwa, ikaja kamati ya kuchunguza. Walikaa katika ukumbi wa kanisa kwa siku tatu. Wesley na wenzake wawili walikuwa tayari wamewekwa rumande. Aliyenihoji alikuwa wakili mwanamke, mdogo wa umri, viatu vyake vimejaa tope letu na hakuonekana kujali. Kabla ya siku yangu alikuja mpaka kituoni, akasimama mbele ya ubao mtupu kwa muda. Alinieleza jambo kwa lugha nyepesi, na sijalisahau. Alisema walioshika viberiti anao. Anamtafuta aliyewapa siku. Alisema kuna watu wanadhani sheria inamkamata mwenye panga tu, lakini kuanzisha vita ni kosa lenyewe, pengine kubwa kuliko yote, maana mengine yote yanatoka tumboni mwake. Na mtu anaweza kujibu kosa hilo hata kama siku hiyo alikuwa kwake anakunywa chai, mradi ionyeshwe kwamba alipanga.

"Kiwanda wanasema lori ilikuwa nzima," akaniambia. "Watu waliotoroka wanasema ubao uliwaambia wakae nyumbani. Sasa nataka kujua kitu moja tu. Nani alikwambia uandike?"

Nikamwambia nitamjibu kesho ukumbini. Na nilikusudia kumjibu. Mungu anajua nilikusudia.

Jioni ile jua lilikuwa bado juu ya vilima Mwenyekiti alipobisha kwenye chumba changu kipya. Sikuwa na kiti cha pili, akaketi kitandani. Nilimpikia chai, mikono ikafanya kazi yenyewe. Aliisifu chai. Aliuliza kama nina mchumba, akataja mtoto wa ndugu yake, kijana mtulivu, mwalimu, ambaye kweli nilikuwa nimemwona na kumpenda kimya kimya. Alikunywa kikombe kizima. Hakunitisha. Nimewahi kusoma habari za watu waliotishwa kwa bunduki na nikawaonea wivu, kwa sababu wao wana la kusema. Mimi aliniuliza swali moja tu, akiwa ameshasimama.

"Ule ubao, mwandiko ni wa nani?"

"Ni wangu," nikasema.

"Ehe. Mwandiko ni wako." Akavaa kofia. "Mimi sijaandika mahali."

Kesho yake nilikula kiapo nikiwa na vumbi la chaki kwenye sketi, nikasema ni dereva aliyeniambia lori limeharibika. Wakili aliacha kuandika. Akaniuliza tena, polepole. Nikarudia. Nyakundi hakuwepo kunikana, alikuwa amekimbilia kwao, na baada ya ushahidi wangu kiwanda hakikumrudisha kazini. Mwenyekiti alipoitwa alivaa suti ya kijivu, akaeleza alivyozunguka nyumba kwa nyumba akiomba amani, na mwisho akafungua mikono. "Vijana wakikasirika," akasema, "nani anaweza kuwazuia?" Neno kwa neno. Nilikuwa nimeketi safu ya nne. Katika ukumbi ule wote ni mimi peke yangu niliyejua kwamba sentensi hiyo ilikuwa na umri mkubwa kuliko vita vyenyewe. Nikaangalia vidole vyangu. Wesley alifungwa. Mwenyekiti akaendelea kupanda. Mimi nikaolewa na mwalimu, nikapata watoto, nikawa mkwe katika ukoo ule, na kila Krismasi nikampakulia.

Kuna watu wanaoniona mpole. Ni kwa sababu hawakai nami redio ikiwa imewashwa. Wakisema kiongozi wa nchi fulani anatafutwa na mahakama ya ng'ambo kwa kuanzisha vita, mimi huinuka. Naongeza sauti, kisha nazima, kisha nawasha tena. Vijana wetu hubishana mezani: huyo ashtakiwe, huyo ameonewa, wakubwa hawafungwi, kesi zinakufa kwa kukosa ushahidi. Wanasema hivyo kana kwamba ushahidi ni mvua, kuna mwaka unanyesha na mwaka unakataa. Mimi najua ushahidi uliokosekana unakaa wapi. Ulikaa katika nyumba za laini, chumba cha pili, ukala omena ya watu, ukapenda mchumba. Mkubwa anaweza kununua mawakili kumi, lakini vita vyake huanzia kwa mtu mdogo mwenye mwandiko mzuri, na vikiisha humrudia mtu huyo huyo kuomba kimya chake. Nilimpa vyote viwili. Ndiyo maana nikisikia watu wakiuliza kwa nini mwovu fulani hakuhukumiwa, najisikia kama ninayetajwa.

Basi tukamwitia mtoto majina, Jumamosi, saa nne ya asubuhi, jua likiingia dirishani mpaka kitandani kwa mzazi. Tulikuwa wanawake sita. Wanaume walikuwa nje wanajifanya kuzungumza habari za ng'ombe. Mwitaji alikuwa Kogo Tapsabei, bibi wa ukoo, mwenye sauti ndogo inayokata. Mtoto alikuwa mapajani mwangu. Kogo alimwekea ugoro kidogo sana karibu na pua, akaanza. Aliita jina la baba mkwe wangu. Mtoto alikunja uso, akanyamaza. Akaita la babu yake. Hakuna kitu. Ndipo Bot Kiprono, mjane wa Mwenyekiti, aliyekuwa bado na kitambaa cheusi kichwani, akasema taratibu, "Mwiteni mzee wangu. Pengine anangoja."

Wanawake wakaguna kwa kukubali. Kogo akafungua kinywa. Nikahisi mtoto akivuta pumzi ndefu, ile ya kabla ya chafya, na mimi nikafanya jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa: nikamfunika mtoto pua kwa kiganja changu, wepesi, kama unavyomkinga na upepo.

"Huyo msimwite," nikasema.

Kogo akaniuliza kwa nini. Na mahakama hii ya wanawake haikuwa na pa kumsingizia dereva. Nikawaambia. Niliwaambia habari za pazia la maua na kijiko, chaki nzima, andika kubwa, honi ya saa nane, kikombe cha chai, kiapo. Sauti yangu ilikuwa mbaya, inapanda na kushuka, na sikumwangalia mtu ila mtoto. Nilisema aliyeanzisha vita ni yeye, wala si hasira ya vijana, na aliyempa mkono ni mimi. Nilipomaliza nilitegemea Bot Kiprono anipige, na ningekubali.

Hakunipiga. Alivua kile kitambaa, akakikunja magotini, akakikunjua. "Ile siku nilikuwa napepeta maharagwe," akasema. "Nikasikia honi ya lori. Nikamwambia, si ulisema lori ni mbovu? Akaniambia nifunge mlango." Akakikunja tena. "Nimefunga mpaka leo."

Kisha akamwambia Kogo, "Ita mwingine."

Kogo akaita mwingine, mzee wa zamani ambaye hakuna aliyemjua, mfugaji wa nyuki, na mtoto akapiga chafya kubwa mpaka mwili wote ukaruka. Tukacheka, kwa sababu hapo watu hucheka, na machozi yakiwa yametutoka. Mursik ikamiminwa. Nje wanaume walisikia kicheko, wakauliza ni nani amerudi.

Bot Kiprono alinisogelea wakati wengine wanakunywa. Alimgusa mtoto unyayo, si mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila ukali, kama mtu anayetaka tu kujua ili apange: "Na wewe, Chelangat? Siku yako ikifika, tukuite ama tukuruke?"

Nimelibeba swali hilo tangu Jumamosi, jikoni, zizini, kati ya mistari ya chai. Pale chumbani nilimjibu hapo hapo, na sijapata jibu jingine. Nilisema hilo si letu kuamua. Aulizwe Mama Awuor.

Yuko hai. Nimeulizia kwa watu wa kanisa lake. Anakaa na binti yake karibu na Ahero, na mkono wa kulia haujawahi kufunga ngumi tena. Habari hii nimeiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, na nitampelekea yeye kabla ya mtu mwingine yeyote kuiona. Bado hajui kusoma. Kwa hiyo nitasimama mlangoni kwake na kungoja aniulize inasemaje, kisha nitamsomea, na safari hii nitataja nani aliniambia niandike. Jina hilo, ambalo sasa tumeliruka, ataambiwa yeye peke yake. Akitaka kuniuliza mwandiko ni wa nani, nitamwambia ni wangu.